Maji ya Ziwa Victoria ni ya Nani? Kuufahamu Mto Nile, Chanzo Chake na Mikataba Yake

Kila Mto Nile unapotajwa katika taarifa ya habari, iwe ni kwa sababu ya bwawa jipya la Ethiopia au kwa sababu ya bomba linalovuta maji kutoka Ziwa Victoria, huzuka maneno yale yale. Wapo wanaosema kwamba Watanzania, Wakenya na Waganda hawaruhusiwi kuyagusa maji ya ziwa lao kwa kuwa Waingereza waliyakabidhi kwa Misri. Wapo wanaodai kwamba nchi za maziwa makuu zikiamua tu kuyazuia maji, Misri itakauka kabla ya mwaka kwisha. Wengine hushikilia kwamba Nile inaanzia Jinja, wakajibiwa kwa ukali kwamba inaanzia Burundi, au Rwanda, au Ethiopia. Karibu kila moja ya kauli hizo ina punje ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haziishi. Ili kuipepeta punje hiyo tuitenge na makapi, inafaa tuanze na ardhi yenyewe kabla ya kufika kwenye karatasi za mikataba.

Bonde la mto ni nini?

Katika mazungumzo ya kawaida, bonde ni ardhi iliyo chini kati ya vilima. Wataalamu wa maji hulitumia neno hilo kwa maana pana zaidi: bonde la mto ni eneo lote la nchi ambalo mvua ikinyesha juu yake, maji yasiyofyonzwa na ardhi wala kugeuka mvuke huishia katika mto mmoja. Tazama nyumba ya mabati yenye paa la pande mbili. Mvua inayoangukia upande wa mbele huteremka kwenye mfereji wa mbele, na inayoangukia upande wa nyuma hushuka nyuma; pale juu kabisa, ambapo fundi huweka kofia ya bati, matone mawili yaliyoanguka yakiwa yameachana kwa upana wa kiganja yanaweza kwenda njia mbili zisizokutana tena. Bara la Afrika nalo lina kofia zake. Mojawapo ni safu ya milima inayokatiza Rwanda na Burundi kutoka kaskazini kwenda kusini. Mvua inayonyesha magharibi ya safu hiyo huteremka Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, ikaingia Mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha mashariki yake huingia Mto Kagera, Ziwa Victoria na hatimaye Mto Nile, ikaishia Bahari ya Mediteranea.

Bonde la Nile, kwa maana hiyo, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 3, karibu sehemu moja ya kumi ya bara zima, na limegawanyika kati ya nchi 11: Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini, Ethiopia, Eritrea, Sudan na Misri. Kuwamo katika orodha hiyo hakumaanishi kwamba nchi nzima imo bondeni. Uganda karibu yote imo. Kwa Kenya ni upande wa magharibi tu, na kwa Tanzania ni ukanda wa kaskazini-magharibi unaolizunguka ziwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu Bwawa la Julius Nyerere lilipokuwa likijengwa na kampuni za Misri katika Mto Rufiji, baadhi ya watu walilihusisha na ugomvi wa Nile na kuhisi kuna hila. Rufiji hauna uhusiano wowote na Nile: maji yake huingia Bahari ya Hindi mkabala wa Kisiwa cha Mafia, na Misri haiwezi kudai hata tone lake.

Mto unaanzia wapi?

Ugumu wa swali hili umo ndani ya neno chanzo lenyewe, kwa kuwa watu hulitumia kwa maana tatu tofauti bila kutambua, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea.

Maana ya kwanza ni mahali ambapo mto unatoka ziwani na kuanza kuitwa kwa jina lake. Hapo ni Jinja, Uganda, ambapo John Hanning Speke aliyaona maporomoko mwezi Julai 1862 na kuyapa jina la Ripon. Maporomoko hayo hayapo tena, kwa sababu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954 maji yalipanda na kuyafunika. Vitabu vingi vya shule vilitufundisha kwamba Speke ndiye aliyeligundua ziwa. Ziwa hilo lilikuwa na majina kabla yake: Waganda waliliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na jina la Nyanza lilitumika upande wa kusini. Habari zake Speke na mwenzake Richard Burton walizipata Kazeh, yaani Tabora ya leo, kutoka kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyeufahamu vizuri mtandao wa njia za misafara. Hata alipofika ufukweni karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, Speke aliongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani hadi India kisha akarudi na kuwa mkalimani na kiongozi wa misafara. Alichofanya Speke ni kulipeleka jambo lililojulikana huku mbele ya watu waliokuwa hawalijui, na hiyo ni kazi yenye uzito wake, ila iitwe kwa jina lake.

Maana ya pili ni mahali palipo mbali zaidi kutoka baharini, ukifuata maji kurudi nyuma bila kukatiza. Kwa maana hii Jinja haitoshi, kwa sababu ziwa nalo huletewa maji na mito. Kutoka Kenya huja Nzoia, Yala, Nyando na Sondu. Mto Mara huanzia Msitu wa Mau, ukapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukaingia ziwani karibu na Musoma. Mkubwa kuliko yote ni Kagera, wenye mikono miwili: Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda, inayokutana karibu na maporomoko ya Rusumo mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Nchini Burundi, huko Rutovu, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa miaka ya 1930 juu ya chemchemi inayotajwa kuwa mwanzo wa kusini kabisa wa Nile. Wanyarwanda nao huelekeza kidole kwenye vijito vya Msitu wa Nyungwe. Tofauti ya urefu kati ya mikono hiyo miwili ni ndogo mno ikilinganishwa na safari yote, ambayo ni zaidi ya kilomita 6,600, na ndiyo maana mjadala huo haujafungwa.

Maana ya tatu ndiyo inayohusu siasa, nayo ni mahali ambapo maji mengi yanatoka. Kwa maana hii jibu ni Ethiopia. Takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka katika nyanda za juu za nchi hiyo kupitia mito mitatu: Nile ya Buluu, ambayo Waethiopia huiita Abay, kisha Atbara na Sobat. Maziwa yetu makuu, pamoja na ukubwa wake wote, huchangia takriban asilimia 15 tu. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, na swali linalofuata ni la haki kabisa: inawezekanaje ziwa kubwa kuliko yote barani litoe kiasi kidogo namna hiyo?

Sinia na kinamasi

Ziwa Victoria ni pana sana lakini si la kina. Linafunika takriban kilomita za mraba 68,800, huku kina chake cha wastani kikiwa kama mita 40. Lilinganishe na Ziwa Tanganyika, ambalo sehemu yake ya ndani kabisa inakaribia mita 1,470. Tanganyika ni mtungi. Victoria ni sinia. Yeyote aliyewahi kuacha maji kwenye sinia juani anajua yanavyotoweka upesi. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hili ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa ya yanayotoka hupanda angani kama mvuke. Kinachotoka kwa njia ya mto pale Jinja ni baki tu ya hesabu hiyo kubwa kati ya mawingu na jua.

Ziwa lenyewe si la kale sana kwa kipimo cha miamba. Linakadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 400,000. Kabla yake, mito ya eneo hilo ilitiririka kuelekea magharibi, hadi ardhi ya upande wa Bonde la Ufa la Magharibi ilipoinuka polepole na kuifungia njia. Mito ya Kagera na Katonga ikageuzwa mkondo, maji yakarudi nyuma na kujikusanya katikati, yakapata upenyo kaskazini. Kuna ushahidi katika matope ya chini ya ziwa kwamba zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali, lilikauka kabisa. Jambo hili lingefaa kukumbukwa na wale wanaoliona ziwa kama hazina isiyokwisha, kama vile kupanda kwa maji kwa zaidi ya mita 2 baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliyowahamisha watu wa pwani zake, yanavyotukumbusha kwamba ziwa halina kipimo kimoja cha kudumu.

Kutoka Jinja maji hupita Ziwa Kyoga, hukatiza maporomoko ya Murchison, huingia na kutoka Ziwa Albert, kisha huvuka mpaka wa Sudan Kusini pale Nimule. Baada ya Juba mto huingia nchi tambarare mno, ukapoteza kingo zake na kutapakaa katika kinamasi cha Sudd, jina lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Ni bahari ya mafunjo, matete na magugu yanayoelea, ambayo kwa karne nyingi ilizuia merikebu kupanda mto kutoka kaskazini. Karibu nusu ya maji yanayoingia humo hayatoki. Hupotea kwa mvuke na kunywewa na mimea. Kwa hiyo lita mbili zikiondoka Uganda, ni lita moja hivi inayoendelea na safari.

Upotevu huo ndio uliozaa wazo la mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kukizunguka kinamasi na kuyapeleka maji moja kwa moja kaskazini kwa umbali wa kilomita 360. Uchimbaji ulianza mwaka 1978 na ukasimamishwa mwaka 1984 kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, takriban theluthi mbili ya kazi ikiwa imefanyika. Wadinka, Wanuer na Washilluk, ambao mifugo yao hutegemea malisho yanayoachwa wazi mafuriko yanapopungua, waliuona mradi huo kama mpango wa kuwakausha wao ili wengine wanyweshe mashamba. John Garang, aliyekuja kuongoza vita hivyo, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu maendeleo ya eneo hilo la Jonglei. Mabaki ya mfereji ule yangali ardhini hadi leo, na kila pendekezo la kuufufua huamsha kumbukumbu za uchungu. Neno upotevu, kwa kweli, ni neno la mtu aliye chini ya mto. Kwa mfugaji wa Sudd maji yale hayakupotea, yaliota majani.

Mikono miwili inayokutana Khartoum

Mjini Khartoum, Nile Nyeupe inayotoka maziwa makuu hukutana na Nile ya Buluu inayotoka Ethiopia. Njia rahisi ya kuelewa tofauti yao ni kufikiria kaya yenye vipato viwili. Nile Nyeupe ni kama mshahara mdogo usiobadilika sana mwezi hadi mwezi, kwa sababu maziwa na vinamasi huyashika maji na kuyaachia taratibu. Nile ya Buluu ni kama mavuno ya msimu: kati ya Julai na Septemba huja kwa wingi wa kutisha, ikiwa imebeba udongo mwekundu wa milima, na miezi mingine hupungua sana. Kilimo cha Misri ya kale kilijengwa juu ya mavuno hayo ya msimu, lakini mshahara ule mdogo ndio uliouweka mto hai miezi ya kiangazi. Misri iliyojenga bwawa kuu la Aswan kati ya mwaka 1960 na 1970 ilijitengenezea ghala ambalo huweka mavuno ya msimu mmoja ili yatumike mwaka mzima, na hata miaka kadhaa ya ukame.

Ni lazima tuwatendee haki Wamisri hapa. Nchi yao karibu haina mvua, watu wake wamezidi milioni 100, na kwa sehemu kubwa sana wanaishi kwa mto huu mmoja. Hofu yao ina msingi. Linalobishaniwa ni kama hofu hiyo inawapa haki ya kuwakataza wengine.

Mikataba inasema nini hasa?

Mkataba unaotajwa mara nyingi ni ule wa tarehe 7 Mei 1929, uliofanywa kwa kubadilishana barua kati ya serikali ya Misri na Uingereza. Uingereza ilikuwa ikizungumza kwa niaba ya Sudan na makoloni yake ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda na Tanganyika. Kiini chake ni kwamba bila kukubaliana kwanza na Misri, kusijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya nishati katika Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, ikiwa kazi hiyo itapunguza kiasi cha maji yanayofika Misri, itabadilisha wakati wa kufika kwake, au itashusha kina chake kwa namna ya kuidhuru Misri.

Ukisoma maneno hayo kwa makini utaona mambo mawili ambayo uvumi huyaacha. Kwanza, katazo linahusu miradi inayodhuru, si kila ndoo inayotekwa. Hakuna mahali ambapo mwanakijiji wa Ukerewe alikatazwa kuchota maji ya kupikia. Pili, Ethiopia haikuwamo, wala Rwanda na Burundi, ambazo zilikuwa chini ya Ubelgiji. Mkataba uliosemwa kuwa unalinda mto mzima haukuigusa kabisa nchi inayotoa asilimia 85 ya maji yake.

Mkataba wa pili, wa Novemba 1959, ulikuwa kati ya Misri na Sudan peke yao. Walichukua wastani wa maji yanayofika Aswan kwa mwaka, mita za ujazo bilioni 84, wakatenga bilioni 10 za kupotea kwa mvuke, kisha wakagawana zilizobaki: Misri bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5. Hesabu inakamilika bila nchi nyingine yoyote kuwekewa hata lita moja. Ni kama ndugu wawili waliokaa kugawana shamba la ukoo lenye warithi kumi na mmoja, wakaandikiana hati na kuipiga muhuri. Hati hiyo inawafunga wao wawili. Haiwezi kuwafunga waliokuwa hawapo.

Tanganyika ililijibu suala hili mapema. Msimamo wa Mwalimu Julius Nyerere ulikuwa kwamba nchi huru haiwezi kurithi bila kuulizwa ahadi zilizotolewa na mkoloni kwa niaba yake. Aliiachia mikataba ya namna hiyo muda wa miaka miwili tangu uhuru, ndani ya muda huo ijadiliwe upya, na usiojadiliwa ukome. Mnamo Julai 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi Tanganyika. Misri ilijibu kwamba kwa upande wake mkataba ungali hai mpaka upatikane mwingine. Kenya na Uganda nazo zilichukua msimamo unaofanana na wa Tanganyika baada ya uhuru. Wataalamu wa sheria za kimataifa wamebishana juu ya pande hizo mbili tangu wakati huo, lakini anayesema leo kwamba nchi za Afrika Mashariki zinakiri kufungwa na mkataba huo anasema jambo ambalo serikali zao zimelikana kwa zaidi ya miaka 60.

Uganda ina kisa chake cha pekee, ambacho pengine ndicho kilichozaa uvumi kwamba Misri inamiliki ziwa. Bwawa la Owen Falls lilipopangwa, Misri na Uingereza zilikubaliana kwamba maji yaachiwe kwa kiwango kile kile ambacho yangetoka yenyewe kama bwawa lisingekuwapo, kulingana na kimo cha ziwa siku hiyo, na Misri ikaweka mhandisi wake Jinja kuangalia. Kwa hiyo ni kweli kwamba Mmisri alikaa Jinja akisoma vipimo. Kusoma vipimo si kumiliki.

Bomba linaweza kuikausha Misri?

Tanzania ilipotangaza mwaka 2004 mradi wa kuvuta maji ya ziwa kutoka Ihelele, Misungwi, kwenda Kahama na Shinyanga, Misri ililalamika. Mradi uliendelea, ukazinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Tufanye hesabu ndogo, maana hapa hesabu hutatua mabishano mengi kuliko maneno.

Milimita moja ya maji juu ya ziwa lote ni mita za ujazo milioni 68.8. Kwa wastani jua huondoa takriban milimita 4 kwa siku, yaani zaidi ya mita za ujazo milioni 270. Sasa chukua mji wa watu milioni moja, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku. Kwa mwaka mzima mji huo utatumia mita za ujazo milioni 36.5. Maana yake ni kwamba maji yanayochukuliwa na jua kwa siku moja yangeutosha mji huo kwa zaidi ya miaka 7. Maji ya kunywa, kupika na kuoga hayawezi kuikausha Misri, na wahandisi wa Misri wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kilimo cha umwagiliaji ndicho chenye uzito. Hekta moja ya mpunga inaweza kuhitaji mita za ujazo 10,000 au zaidi kwa msimu. Hekta 100,000 ni mita za ujazo bilioni moja. Nchi kadhaa za juu zikifanya hivyo kwa pamoja, hesabu inaanza kuonekana hadi Cairo, ingawa hata hapo kinamasi cha Sudd kingekuwa kimekwisha kuchukua fungu lake kabla. Kwa hiyo tishio kwamba Afrika Mashariki inaweza kuifungia Misri maji ni la kupita kiasi kwa namna mbili: hatuna maji mengi ya kuzuia, na hata tukiyazuia, sinia letu lingefurika na kuizamisha Kisumu, Mwanza na Entebbe kwanza.

Bwawa la Ethiopia

Hali ni tofauti kwa Ethiopia. Bwawa lake kuu katika Nile ya Buluu lilianza kujengwa Aprili 2011, likaanza kujazwa mwaka 2020 na kuzinduliwa rasmi Septemba 2025. Linaweza kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74, wakati mto wenyewe huleta hapo takriban bilioni 50 kwa mwaka, na mitambo yake inaweza kuzalisha megawati 5,150.

Wengi hudhani bwawa la umeme hula maji. Halili: maji huzungusha mitambo na kuendelea na safari. Kinachoondolewa ni kile kinachojaza bwawa mara ya kwanza, na baada ya hapo ni mvuke. Mgogoro wa kweli uko katika ratiba. Ikija miaka mitatu au minne ya ukame mfululizo, Ethiopia itaachia kiasi gani, na nani ataamua? Misri inataka ahadi ya kisheria yenye tarakimu. Ethiopia inaona kwamba tarakimu hizo zingekuwa mkataba wa 1959 ulioingizwa kwa mlango wa nyuma. Sudan imekaa katikati kwa maana zote mbili, kwani bwawa linaweza kuipunguzia mafuriko na pia linaweza kuihatarisha likiendeshwa bila taarifa.

Mkataba mpya

Kuanzia mwaka 1999 nchi za bonde hili zimekuwa na chombo cha ushirikiano chenye sekretarieti Entebbe, na mwaka 2010 ulifunguliwa mkataba mpya ambao Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania ziliusaini siku ya kwanza, Kenya na Burundi zikafuata. Msingi wake ni matumizi ya haki kwa kila nchi bila kuwasababishia wengine madhara makubwa. Mazungumzo yalikwama kwenye sentensi moja. Nchi nyingi zilitaka kuandika kwamba hakuna atakayeathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa mwenzake. Misri na Sudan zilitaka ziongezwe haki na matumizi yaliyopo sasa, maneno ambayo kwa wengine yalikuwa yale yale ya 1959 yaliyovaa nguo mpya. Sudan Kusini iliporidhia mwaka 2024 na kuwa ya sita, mkataba ukapata nguvu tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Unazifunga nchi zilizouridhia. Misri na Sudan hazimo.

Kuna swali moja ambalo mkataba huo utalazimika kulishughulikia siku moja, nalo linatokana na ile kofia ya bati tuliyoanza nayo. Maji yanayotumika Mwanza, yakishatumika, kwa sehemu hurudi ziwani. Yanayofika Tabora hayarudi. Tabora, mji ule ule ambao Snay bin Amir aliwaeleza wageni wake habari za ziwa lililo kaskazini, umekaa upande wa pili wa paa: mito yake huelekea Malagarasi, Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na kutoka Tanganyika maji hutoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo. Maji yaliyosukumwa na pampu za Ihelele kuvuka mwinuko huo yameacha njia ya Mediteranea, na yale yatakayobaki baada ya watu kunywa na jua kuchukua chake yanaelekea Atlantiki.